Familia ikihama: fidia inahesabu miti na mabati, mtoto anahesabiwa na nani?

Siku moja asubuhi tulikuwa hewani tukizungumzia fidia ya ardhi. Simu nyingi zilizoingia zilikuwa za watu wanaouliza malipo yanatoka lini. Kisha akapiga mama mmoja ambaye hakuuliza malipo.

"Dada, sisi tumeshalipwa," alisema. "Tumeshajenga na tumeshahamia. Nyumba ni nzuri kuliko ile ya kwanza. Lakini mwanangu wa darasa la tatu akitoka shule harudi nyumbani. Anakwenda kule tulikobomolewa, anakaa chini ya mwembe uliobaki hadi jua linazama. Nimemchapa, nimembembeleza, bado anakwenda. Nifanye nini?"

Nilimwambia, "Pole mama, tutalitafutia jibu." Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu. Muda ukaisha, taarifa ya habari ikaingia. Lakini swali lake sikuliacha studio. Niliwauliza walimu, nikazungumza na watu wa ustawi wa jamii, nikakumbuka na ya kwangu. Makala hii ni jibu nililomwahidi, na naliandika ili na wewe msikilizaji ulisome kwenye simu yako kwa nafasi.

Jambo lenyewe ni hili. Familia ikihama, watu wazima tunahesabu vitu. Mtoto anapoteza vitu ambavyo hakuna aliyevihesabu. Tusipokaa naye tukavitaja, atabaki kule tulikotoka, hata kama mwili wake uko hapa.

Kwa nini tulizungumze sasa

Kuhama si habari ya mjini peke yake. Katika miaka hii michache, familia nyingi za vijijini zimehama kwa pamoja, na si kwa sababu ya kupenda.

Tuanze na hapa Manyara. Tarehe 3 Desemba 2023, Jumapili asubuhi, matope, mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang yakaingia mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Wengi walilala wana nyumba, wakaamka hawana. Ilichukua takriban mwaka mzima, hadi mwishoni mwa 2024, ndipo serikali ilipokabidhi nyumba mpya zaidi ya 100 katika eneo la Waret kwa familia zilizopoteza makazi.

Twende Ngorongoro. Tangu Juni 2022 familia zimekuwa zikihamishwa kutoka ndani ya eneo la hifadhi kwenda Msomera, wilayani Handeni, safari ya mamia ya kilomita. Serikali imesema zoezi ni la hiari, na wanaohama wanapewa nyumba na ardhi. Baadhi ya wakazi na mashirika ya haki za binadamu wamepinga, wakisema watu wamebanwa hadi wakaona hawana njia nyingine. Mjadala huo ni mrefu na tumeufanya mara nyingi. Leo naomba tuutazame kwa urefu wa mtoto wa miaka 8. Yeye kazaliwa kwenye baridi ya nyanda za juu, ameshuka kwenye lori, na ameamka kwenye joto la Handeni.

Halafu kuna bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga. Lina urefu wa kilomita 1,443, na limepita katika mikoa 8 ya Tanzania ukiwamo mkoa wetu. Familia ambazo nyumba zao zilikuwa kwenye njia ya bomba zilipewa nafasi ya kuchagua nyumba mpya au fedha.

Ongeza upanuzi wa barabara, mabwawa na mafuriko. Ongeza pia ule uhamaji wa kimyakimya usiotangazwa na redio yoyote: baba kafariki na mama karudi kwao, mwalimu kapata uhamisho, mfugaji kafuata malisho. Katika yote hayo mtoto yumo.

Kinachohesabiwa

Ukitaka kujua watu wazima tunathamini nini, soma kanuni za fidia. Kanuni za mwaka 2001 za kukadiria fidia, zilizotungwa chini ya Sheria ya Ardhi, zinataja mambo kadhaa. Ipo thamani ya ardhi yenyewe na vilivyomo. Ipo posho ya makazi, yaani kodi ya nyumba ya mwezi mmoja mara miezi 36. Ipo posho ya usafiri, inayokadiriwa kwa gharama ya kusafirisha tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20.

Na ipo posho ya usumbufu. Hapa naomba usikilize vizuri. Usumbufu unapatikana kwa kuchukua thamani ya ardhi na kuizidisha kwa wastani wa riba ambayo benki za biashara hulipa kwenye akaunti za muda maalumu kwa miezi 12.

Maana yake ni nini? Chukua mzee anayeishi peke yake, na mama mwenye watoto sita. Kama ardhi zao zina thamani moja, usumbufu wao kwa mujibu wa hesabu hiyo ni mmoja. Mthamini anapopita na daftari anahesabu miembe, anahesabu migomba, anapima ukuta, anaandika bati ni la geji gani. Hana safu ya kuandika kwamba kuna mtoto wa darasa la tatu ambaye rafiki yake yupo nyumba ya pili.

Simlaumu mthamini. Kazi yake ni kupima vitu, na huzuni ya mtoto haina bei sokoni. Nasema tu kwamba kama sheria haimhesabu, basi ni sisi wazazi, walimu na viongozi wa kitongoji tunaopaswa kumhesabu.

Kisichohesabiwa

Mtoto wa kijijini akihama anapoteza nini hasa? Nimeyapanga katika mafungu manne.

La kwanza ni watu. Kwa mtu mzima, jirani ni mtu wa kuombana chumvi. Kwa mtoto, jirani ni nusu ya dunia. Kuna bibi wa pembeni anayempa kiazi kila akipita. Kuna mwenzake wa kuchunga. Katika familia nyingi mtoto halelewi na mama mmoja, analelewa na ua zima: mama mkubwa, shangazi, mke mwenza wa mama, kaka wa baba. Nyumba mpya zikipangwa kwa mstari, kila kaya na uzio wake, ua lile linavunjika. Mtoto anajikuta na mama mmoja tu, na mama mwenyewe amechoka.

La pili ni njia. Mtoto anajua njia za kwao kama kiganja chake. Anajua mbwa mkali yuko wapi, korongo linajaa lini, mti gani una matunda, na akichelewa akatize wapi. Kwenye makazi mapya anarudi kuwa kama mtoto wa miaka mitatu, kila kitu lazima aulize. Hilo linamwondolea heshima yake ndogo. Na ni hatari pia, kwa sababu hajui barabara ya magari iko upande gani wala kisima kisicho na mfuniko kiko wapi.

La tatu ni kazi. Hili tunalisahau sana. Mtoto wetu hajitambui kwa michezo tu, anajitambua kwa kazi yake. Huyu ni wa mbuzi, yule ni wa kuteka maji, yule ni wa kumshika mdogo wao. Mifugo ikiuzwa au ikiachwa kwa ndugu, kijana wa miaka 11 aliyekuwa mchungaji anakuwa si kitu. Anakaa barazani anachora mchanga, na sisi tunasema amekuwa mvivu.

La nne ni shule. Alikuwa wa tano darasani, sasa ni mgeni anayekaa dawati la nyuma. Pengine lafudhi yake inachekwa, pengine anaitwa jina la jumla: "mtoto wa mafuriko", "wale wa lori". Jina hilo linaweza kumfuata hadi darasa la saba.

Kwa watoto waliopitia maafa lipo fungu la tano, nalo ni zito kuliko yote. Wao hawakuhama, walinyang'anywa. Hawakuaga. Wapo waliopoteza mzazi au ndugu siku hiyohiyo walipopoteza nyumba. Kwa mtoto wa namna hiyo, mvua ya usiku juu ya bati si baraka ya shamba, ni king'ora. Ukimwambia "acha uoga, nyumba hii ni imara", umesema ukweli, lakini hujajibu anachokiogopa.

Mwambie mapema, na mwambie kweli

Hapa niseme la kwangu. Nilikuwa na miaka 10 baba alipopata uhamisho wa kikazi. Niliambiwa asubuhi ileile fuso lilipofika. Wazazi waliona wananisaidia, nisilie siku nyingi. Rafiki niliyekaa naye dawati moja sikumuaga. Kitabu chake nilikuwa nacho, nikaenda nacho. Mimi leo ni mtu mzima, nina familia yangu, na kitabu kile bado kinanisumbua. Kilichoniuma zaidi si kuhama. Ni kwamba kila mtu alijua isipokuwa mimi.

Kwa hiyo la kwanza ni kumwambia mtoto mapema. Ukishajua mtahama, usisubiri lori. Mtoto mdogo wa miaka mitatu au minne mwambie siku chache kabla, kwa sababu hajui mwezi ujao ni nini. Wa shule mwambie wiki kadhaa kabla. Kijana wa sekondari mkalishe tangu mazungumzo yanapoanza, maana atasikia kwa watu, na akisikia kwa watu hatakuamini tena.

Mwambie kweli. Usimwahidi kwamba kule kuna umeme kama hujaona nguzo. Usiseme "tutarudi" kama hamtarudi. Sentensi ya kweli ni fupi: "Tunahama kwa sababu bonde hili linajaa maji. Tutakwenda mahali fulani. Mimi na mama yako tutakuwa pamoja nawe. Bibi atabaki, tutampigia simu kila Jumapili." Kama jambo hulijui, mwambie hujajua bado, na ukijua utamwambia. Kisha mwambie kweli.

La pili ni kumpa nafasi ya kusema. Hili si hisani tu. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinampa mtoto haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake. Hakuna anayesema mtoto ndiye aamue kuhama au kubaki. Lakini mtoto anaweza kuamua kitanda chake kikae upande gani, banda la kuku lijengwe wapi, na nani aende kuagwa kwanza. Kwake hayo ni makubwa.

La tatu ni kumwachia aage. Mpe siku moja azunguke. Akamwage bibi wa kiazi, akamwage mwalimu, akarudishe kitabu cha watu. Kama kuna kaburi la babu au la mdogo wake, mpeleke asimame pale na mwambie mtakuwa mnakuja au hamtakuja. Akilia, mwache alie. Kilio cha kuaga kina mwisho. Kilio cha kutoaga hurudirudi.

Na wewe mzazi, jiangalie. Wahenga walisema mwana hufuata kisogo cha nina. Kama kila jioni unalaani makazi mapya mbele yake, usitegemee ayapende. Huna haja ya kujifanya una furaha. Unaweza kusema, "Na mimi napakumbuka kwetu. Kesho twende tukatafute kuni, tujue huku kukoje." Hapo amejua kwamba kukumbuka kwao na kuendelea na maisha vinaweza kukaa pamoja.

Siku ya lori na wiki ya kwanza

Siku ya kuhama, vitu vya mtoto vipakiwe mwisho ili vishuke kwanza. Shuka lake la zamani, hata kama limechakaa, usilitupe siku hiyo. Kikombe chake, mpira wake wa makaratasi, daftari zake ziwe kwenye mfuko wake mwenyewe na aubebe yeye. Mtoto anayebeba mzigo wake anajua kwamba na yeye amehama, hakubebwa kama gunia.

Usiku wa kwanza, acheni mambo makubwa. Pikeni mlichozoea kupika, kwa saa mliyozoea. Kama mlikuwa mnasali kabla ya kulala, salini. Kama bibi alikuwa anasimulia hadithi na bibi hayupo, simulia wewe, hata kwa kukosea, watoto watakusahihisha. Godoro liko chini na vyombo viko nje, haidhuru. Mtoto akikuta jambo moja halijabadilika, analishika hilo.

Kesho yake tembeeni pamoja, polepole. Hapa ni kwa mwenyekiti wa kitongoji. Hapa ni zahanati. Hapa ni kisima, usikisogelee peke yako. Hii ni njia ya shule, hapa unavuka barabara, angalia kulia na kushoto. Rudieni njia hiyo siku tatu au nne kabla hajaachwa aende mwenyewe.

Na hili naomba usilipuuze. Mfundishe mtoto mdogo jina la kijiji kipya, jina la kitongoji, na namba ya simu ya mzazi. Ukimuuliza mtoto wa miaka mitano aliyehama juzi "unakaa wapi?", atakutajia kule mlikotoka. Akipotea jioni, watu wema watampeleka upande usio wenu.

Kisha mpe kazi. Tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mtoto naye ni mgeni kwenye nyumba mpya. Siku ya tatu mpe jembe lake: apande mti mmoja na uitwe wake, alishe kuku, achote maji na mwenzake wa jirani. Yule kijana aliyekuwa mchungaji, kama mbuzi hawapo, mtafutie hata sungura wawili, au mpe kona ya bustani. Mtoto huzoea mahali anapotegemewa.

Shule: usiache pengo

Walimu niliozungumza nao walirudia jambo moja: mtoto aliyehama asikae nyumbani wiki tatu "akipumzika". Anapokaa, anazidi kuachwa nyuma na anazidi kuogopa. Wiki ya kwanza awe ameshafika shuleni, hata kama sare bado ni ya shule ya zamani.

Kabla ya kuondoka, nenda kwa mwalimu mkuu uombe uhamisho. Hakikisha unaondoka na kumbukumbu za maendeleo ya mtoto na namba yake ya PREM, ile namba ya utambulisho wa mwanafunzi anayotumia shule ya msingi. Chukua pia cheti cha kuzaliwa na kadi ya kliniki kwa walio wadogo. Viweke kwenye mfuko wa nailoni, viwe mikononi mwako, visiende na magunia.

Angalia kalenda. Mwaka wa masomo unaanza Januari na kuna likizo katikati ya mwaka. Kama una uwezo wa kuchagua, hama wakati wa likizo. Na kama una mtoto wa darasa la nne au la saba, fikiri mara mbili kuhamia katikati ya mwaka, kwa sababu ameshasajiliwa mtihani wa taifa kwenye shule yake. Wapo wazazi wanaomwacha kwa ndugu amalize mtihani. Si vibaya, ilimradi ndugu huyo ni mtu unayemwamini kweli, mtoto mwenyewe amekubali, na simu inapigwa kila wiki. Mtoto wa kike hasa, usimwache mahali kwa sababu tu pana nafasi ya kulala.

Mwalimu unayesoma makala hii, una uwezo mkubwa kuliko unavyodhani. Mkalishe mgeni na mwanafunzi mpole anayeishi jirani naye, waende na kurudi pamoja. Mwite kwa jina lake mbele ya darasa. Zile lakabu za "mtoto wa mafuriko" zizimwe siku ya kwanza. Na akisinzia darasani, usianze na fimbo, anza na swali.

Dalili za kuziangalia

Mtoto wetu mara nyingi hatasema "nina huzuni". Mwili wake utasema. Aliyeacha kukojoa kitandani anaanza tena. Tumbo linamuuma kila asubuhi ya shule, na Jumamosi amepona. Haachii khanga ya mama. Anaota na kupiga kelele. Aliyekuwa msemaji anakaa kimya, aliyekuwa mpole anapiga wenzake. Kijana mkubwa anatoroka shule, anarudi usiku, hataki kuulizwa.

Mengi ya haya hupungua yenyewe mtoto akizoea, ukimpa muda na ukaribu. Usimchape kwa kukojoa kitandani, hakufanya kusudi. Usimlinganishe na mdogo wake aliyezoea haraka. Watoto wa tumbo moja hawahami sawa.

Lakini kama mwezi umepita na hali haipungui, au kama mtoto hali, halali, au anasema hataki kuishi, usisubiri. Anza na zahanati au afisa ustawi wa jamii wa kata au wilaya yako. Ipo pia Huduma ya Simu kwa Mtoto, namba 116, ambayo haikatwi salio. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga, na mzazi anaweza kupiga.

Kwa mtoto aliyeokoka maafa, mvua ikianza usiku mwamshe kwa upole au kaa karibu naye. Mwonyeshe maji yanapita wapi, mwonyeshe mlango, kubalianeni mtakimbilia wapi ikitokea hatari. Mtoto mwenye mpango analala kuliko mtoto aliyeambiwa tu asiogope.

Viongozi nao wana sehemu yao

Haya si ya wazazi peke yao. Anayehamisha watu anaweza kuwapunguzia watoto maumivu kwa mambo ambayo mengi hayahitaji bajeti mpya.

Tarehe ya kuhama ipangwe kwa kuangalia likizo za shule. Madawati na walimu vitangulie kabla ya watoto. Haifai nyumba ikamilike na shule ikabaki msingi. Majirani wa zamani wapangwe majirani tena: badala ya kugawa nyumba kwa namba ya bahati, ua lililokuwa pamoja liwekwe pamoja. Familia yenye wake wawili au bibi anayelea wajukuu isikatwe vipande kwa sababu fomu ina nafasi ya mkuu wa kaya mmoja.

Watoto wenyeji nao wasisahauliwe. Wao hawajahama, lakini kijiji chao kimebadilika. Darasa limejaa, foleni ya maji imekuwa ndefu, na pengine nyumbani wanasikia wazazi wakinung'unikia wageni. Mwenyekiti wa kijiji akiitisha siku moja ya mpira au ngoma, wageni na wenyeji wakachanganywa kwenye timu moja, atakuwa amefanya kazi ambayo mkutano wa saa tatu hauwezi.

Na mthamini anapopita na daftari lake, mwanakamati wa kijiji anaweza kupita na lake: kaya hii ina watoto wangapi, wako darasa gani, nani ana mtihani mwaka huu, nani ana ulemavu, nani analelewa na bibi. Daftari hilo ni la shilingi mia chache, na likitumika, mwalimu mkuu wa shule inayopokea atajua aandae nini kabla lori halijafika.

Yule mtoto wa chini ya mwembe

Nilimpigia tena yule mama. Nilimshauri jambo moja tu, kwamba asimwite mtoto nyumbani, amfuate, akae naye chini ya mwembe na amuulize anamsubiri nani.

Baada ya siku chache alinipigia. Hakuwa anasubiri nyumba. Kuna mwenzake waliyekuwa wakichunga pamoja, na saa ile ya jioni ndiyo anapita na mbuzi akirudi. Wanasalimiana, wanasindikizana hadi kwenye korongo, basi. Mama hakujua, kwa sababu hakuwahi kuuliza. Alikuwa anajua tu kwamba mwanawe ni mkaidi.

Sasa wamekubaliana. Jumamosi mtoto anakwenda kuchunga na mwenzake mchana kutwa, na siku nyingine anarudi nyumbani moja kwa moja. Siku mojamoja bado anakengeuka. Mwenzake naye ameshakuja mara moja kulala kwenye nyumba mpya. Mama anasema siku hiyo ndiyo mara ya kwanza alimsikia mwanawe akisema "kwetu" akimaanisha pale.

Mwembe ule ulihesabiwa na kulipwa. Huyo rafiki hakuwa kwenye daftari la mtu yeyote.

Kama familia yako imehama au iko njiani kuhama, leo jioni kaa na mtoto wako umuulize swali lile moja: nani unamkumbuka? Kisha msikilize hadi amalize. Wiki ijayo kwenye kipindi tutafungua simu kwa ajili ya watoto wenyewe wasimulie walivyohama. Mwachie mwanao simu.